Misimu uani kwako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dalili ndogo za majira Pwani

Majibu haya yanahusu zaidi ukanda wa kuanzia Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga hadi Mombasa, pamoja na Unguja na Pemba. Wa bara, Oman na Ulaya wana sehemu yao mwishoni.

## Kwa kuanzia

Huku kwetu kuna misimu kweli? Si joto tu mwaka mzima?

Ipo, na ina majina yake ya zamani. Tatizo ni kwamba shuleni tulifundishwa majira manne, tukaishi kuyasubiri, hayakuja, tukahitimisha kuwa hatuna kitu. Pwani inakwenda kwa pepo mbili na mvua mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Mvua kubwa ni masika, Machi hadi Mei, Aprili ikiwa kilele chake Dar es Salaam. Mvua ndogo ni vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati ya mwaka kuna kipupwe, Juni hadi Agosti, na humo hunyesha vimvua vya mchoo. Januari na Februari ni kiangazi chenyewe, cha jasho.

Pepo zinapopokezana kuna kipindi cha tangambili: bahari imetulia na bendera ya msikitini haijui ielekee wapi. Ukishakijua hiki kimoja, umeanza kuiona ratiba.

Nianze na kitu gani?

Mti mmoja. Usianze na ndege; ndege hukimbia, na utatumia wiki nzima kubishana na picha. Chagua mti unaoupita kila siku hata kama hutaki, wa kituo cha daladala au wa jirani. Ukiwa na bahati uwe mkungu au mwembe, kwa sababu hiyo haifichi mambo yake (tazama sehemu ya miti). Mnazi ni mwalimu mbaya kwa anayeanza: unazaa mwaka mzima na sura yake haibadiliki sana.

Mimi nakaa ghorofa ya nne, sina ua wala mti. Nifanye nini?

Una vitu vitatu ambavyo wa chini hawana: upepo usiozuiwa na ukuta, jua linaloingia dirishani, na taa ya baraza inayoita wadudu. Angalia nguo zako kwenye kamba zinapepea kuelekea wapi na zinakauka kwa muda gani. Nguo nzito iliyoanikwa asubuhi ya Februari inakauka kabla ya adhuhuri. Aprili huenda ikalala siku mbili na kutoa harufu ya uvundo.

## Upepo, jua na mvua

Nitajuaje kusi imeingia?

Mashuka ya kamba yanageuka. Wakati wa kaskazi yanasukumwa kuelekea kusini. Kusi ikishika yanapepea kuelekea kaskazini. Vumbi nalo linahamia dirisha jingine, na mlango uliokuwa hausumbui unaanza kujibamiza. Ukikaa karibu na bahari, utaona ngalawa zinabaki ufukweni asubuhi nyingi zaidi, hasa Juni na Julai, na samaki sokoni wanapanda bei.

Mwilini pia inaonekana. Kipupwe huleta hewa kavu na usiku wa ubaridi: Dar es Salaam ya Julai hushuka hadi karibu nyuzi 18 au 19 alfajiri. Midomo inakauka, ngozi inapauka, mafuta ya nazi kwenye chupa yanaganda asubuhi na kuyeyuka saa nne. Chupa hiyo dirishani ni kipimajoto kizuri kuliko vingi vya dukani, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Pepo hizi ndizo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi. Hakuna jahazi linaloningojea mimi, lakini nikianika mashuka nazitazama zilezile.

Mbona jua lililokuwa likiingia jikoni sasa linaingia chumbani?

Kwa sababu tuko kusini kidogo tu ya ikweta, na jua hutupita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa sita jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo madirisha ya kaskazini yanapata mwanga na kivuli chako kinaangukia kusini. Mwezi wa kumi na mbili ni kinyume. Watu wengi wameishi kwenye nyumba moja miaka kumi bila kuligundua hili, ingawa kila Desemba wanalalamika kwamba sebule imekuwa tanuri.

Jaribu hivi: simamisha fimbo wima mahali tambarare. Dar es Salaam, karibu tarehe 10 Oktoba, kama saa 6 na dakika 10 mchana, fimbo haitakuwa na kivuli. Itatokea tena karibu tarehe 3 Machi, safari hii karibu saa 6 na nusu. Tanga na Mombasa, zilizo karibu zaidi na ikweta, siku zao ziko mapema zaidi Oktoba na baadaye zaidi Machi. Watoto hulipenda jaribio hili kwa sababu halihitaji kununua chochote.

Kwa nini Magharibi huadhiniwa mapema mwezi wa tano kuliko wa kwanza?

Mchana wa Dar es Salaam hurefuka na kufupika, ila tofauti ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki saa moja. Kinachoonekana zaidi ni saa ya kuzama. Mwishoni mwa Januari jua huzama karibu saa 1 kasoro robo. Mwishoni mwa Mei huzama karibu saa 12 na robo. Nusu saa hiyo inatosha kwa mtoto anayecheza mpira nje, na inatosha kabisa kwa anayerudi kazini kwa miguu.

Ile harufu ya udongo mvua inapoanza inatoka wapi?

Sehemu kubwa hutokana na kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Matone ya kwanza yakipiga ardhi kavu hurusha chembe zake hewani. Ndiyo maana harufu ni kali kwenye mvua ya kwanza ya vuli na haipo kabisa katikati ya Aprili, ardhi ikiwa imeloa wiki tatu. Ukiisikia na kwako hakujanyesha, angalia upande upepo unakotoka.

Kilimia ni kitu cha kweli au hadithi za wazee?

Ni cha kweli kabisa, na unaweza kukiona kwa macho hata mjini penye taa, usiku usio na mawingu. Ni kundi la nyota ndogo zilizobanana. Wengi huhesabu sita. Novemba kinachomoza mashariki jioni. Kuanzia Aprili kinashuka magharibi baada ya Magharibi, hadi mwanzoni mwa Mei kinapotea kwenye mwanga wa jua. Katikati ya Juni kinarudi, safari hii mashariki kabla ya alfajiri.

Wazee walisema: “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Pwani kawaida kinazama masika na kuzuka kipupwe, kwa hiyo nusu ya pili ya methali ndiyo yetu zaidi. Wakulima na mabaharia walikuwa pia na hesabu ya siku kwa miongo, yaani kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huo, bado husherehekewa kila Julai.

## Miti

Mkungu wangu unageuka mwekundu na kupukutisha majani. Unakufa?

Hapana, unavua nguo. Mkungu ndio mti wa uani unaotupa rangi ambazo watu huzifuata Ulaya kwa tiketi ya ndege. Okota jani moja kabla hujafagia: karibu na kikonyo bado ni kijani, katikati manjano, ncha nyekundu iliyokolea, na mishipa imebaki na rangi ya kwanza ilhali nyama ya jani imekwishageuka. Baada ya siku chache matawi yanabaki matupu, kisha vichipukizi vinasimama wima kwenye ncha.

Huenda ukafanya hivyo zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mikungu miwili ya mtaa mmoja haipatani tarehe. Hapo ndipo daftari linapokuwa na maana (tazama “Niandike nini hasa?”).

Mwembe wa nyumbani hufuata ratiba gani?

Huu nitausimulia kwa urefu, kwa sababu karibu kila mtu ana mwembe wa kuusema.

Kwanza majani. Majani machanga hayatoki kijani. Hutoka rangi ya shaba inayoelekea zambarau, laini, yakining'inia chini, na mgeni hudhani mti una kiu. Yape wiki mbili tatu: yanakakamaa, yanainuka, yanakuwa kijani. Machipuko haya hufuata mvua.

Kisha maua. Ubaridi na ukavu wa kipupwe ndio unaousukuma mwembe kutoa maua, kwa hiyo anza kuchungulia kuanzia Juni. Shada moja lina maua madogo mamia kwa mamia, ya rangi ya malai yenye wekundu kidogo. Sogea karibu na sikiliza: wanaovuma pale wengi ni nzi, kuliko nyuki. Mvua ya mchoo ikinyesha sana wakati huu, au unyevu ukizidi, maua yanashikwa na ukungu na ubwiri unga, yanakuwa meusi au meupe na kudondoka. Jirani atakwambia mti umerogwa.

Halafu vitoto vya embe, vidogo kama punje ya choroko, ambavyo vingi huanguka vyenyewe. Huo si ugonjwa. Mti unabakiza unavyoweza kuvilea. Kufikia Novemba na Desemba unakula, na sokoni dodo, boribo na sindano zinashindana.

Mwembe uliozaa sana mwaka huu mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata. Usiukate kwa hasira.

Mbuyu unatoa maua lini, na mbona siyaoni?

Kwa sababu hufunguka jioni wakati umeshaingia ndani. Mbuyu hukaa bila majani kipindi kirefu cha ukavu. Vuli ikikaribia hutoa majani na maua. Ua ni jeupe, kubwa kama kiganja, linaning'inia kwa kikonyo kirefu likitazama chini, na popo ndio wanaolizuru. Kesho yake limeanza kunyauka na kuwa la hudhurungi. Ukiona maua yaliyosinyaa chini ya mbuyu asubuhi, rudi siku hiyohiyo jua likizama, ukae.

Na ule mti mwekundu wa Desemba?

Mkrismasi. Asili yake Madagaska, na hapa huwaka Novemba na Desemba, mara nyingi ukiwa na majani machache sana. Arusha, Moshi na Nairobi nafasi hiyo inachukuliwa na jakaranda, ya zambarau, kuanzia Septemba au Oktoba. Imetoka Amerika Kusini. Wote wawili ni wageni, lakini wanasoma mvua zetu vizuri tu.

## Wadudu, konokono na ndege

Kumbikumbi wanatokaje wote siku moja?

Wanasubiri ardhi iloe. Ndani ya kichuguu wapo wenye mabawa, madume na majike, walioandaliwa kwa ajili ya kuanzisha makoloni mapya. Mvua nzuri za mwanzo zikinyesha, vichuguu vya eneo zima hufunguliwa karibu wakati mmoja, mara nyingi jioni, hali ya hewa ikiwa shwari. Kutoka pamoja ni kinga: mijusi, kunguru, paka na watoto wenye ndoo hawawezi kuwamaliza.

Asubuhi fagia mabawa kwenye baraza na uandike tarehe. Kwangu hii ni alama bora ya vuli kuliko mvua yenyewe, kwa kuwa mvua moja ya bahati mbaya ya Septemba haiwatoi.

Konokono wakubwa na majongoo hukaa wapi kiangazi?

Konokono hujifukia au kujibandika mahali penye kivuli na kuziba mdomo wa gamba kwa utando mkavu, akalala hadi unyevu urudi. Chungulia nyuma ya tangi la maji au chini ya matofali Februari. Ukimpata, usiutoboe utando. Majongoo nao huingia udongoni na kwenye takataka za majani.

Ni kweli dudumizi akilia mvua inakuja?

Nusu kweli. Dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, hulia kwa mlio unaoshuka haraka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Hulia sana hewa ikiwa nzito na msimu wa mvua ukikaribia, kwa sababu ndio wakati wake wa kuzaa. Anafuata msimu, hana habari na mvua ya kesho saa tisa. Kwa hiyo andika siku unapoanza kumsikia kila asubuhi, lakini usiache kuanika mpunga kwa ajili yake.

Mbayuwayu wapo mwaka mzima au wanahama?

Wote wawili. Wale weusi wenye mabawa ya mundu na kiraka cheupe juu ya mkia, wanaojenga kwa manyoya na mate chini ya madaraja na paa za ghorofa, ni teleka, na wapo wakati wote. Mbayuwayu mwenye koo jekundu na mkanda mweusi kifuani ni mgeni wa kutoka Ulaya na Asia. Hufika Septemba na Oktoba, huondoka Machi na Aprili. Watazame wamepangana kwenye nyaya za umeme mwezi wa tatu: mikia ya wengi imerefuka kuliko walipofika.

Ufukweni nitazame nini?

Vitwitwi na ndege wengine wa matopeni, maji yakiwa yamekupwa. Huanza kuingia Agosti na wengi huondoka Aprili. Siri yao iko mwishoni: muda mwingi wakiwa huku wengi ni wa kijivu na ni vigumu kuwatofautisha, lakini kabla ya kuondoka baadhi hugeuka, tumbo la huyu likawa jekundu la tofali, la yule jeusi. Wanavaa nguo za harusi huku kwetu, harusi yenyewe iko Siberia. Yule mweupe na mweusi mwenye domo nene anayekula kaa haendi mbali hivyo. Yeye huzaliana kwenye visiwa vya Ghuba na Bahari ya Shamu, akitaga kwenye shimo alilofukua mchangani.

Na ndege wa njano wanaochana majani ya mnazi wangu?

Mnana. Mvua ndiyo inayowapa majani mabichi ya kufuma na wadudu wa kulisha makinda. Dume hufuma, jike hukagua, na kiota kisichopendwa huachwa au kuvunjwa. Mnazi haufi kwa hilo.

## Kuandika na kupima

Niandike nini hasa?

Tarehe, mahali, ulichokiona, na hesabu kama ipo. “12 Nov, baraza, kumbikumbi wengi, saa 1 usiku, mvua ya jana.” Basi. Kaunta buku ni bora kuliko simu, kwa kuwa simu hubadilishwa na kuibiwa. Acha kurasa za kila mwezi ili mwaka wa pili uandike chini ya wa kwanza. Picha ya mti uleule kutoka mahali palepale kila Ijumaa nayo inasaidia sana.

Andika pia “hakuna”. “Mwembe, bado hakuna ua” ni taarifa.

Naweza kupima mvua bila kifaa?

Ndiyo. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na paa na matawi, na pima kina cha maji kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile ya vituo vya hali ya hewa. Milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba. Kisha mwaga maji, usilee mbu.

Sijui jina la mmea au ndege. Niache?

Usiache. Andika sura yake, ulize mzee au muuza miche, kisha linganisha na programu kama iNaturalist, au Merlin kwa sauti za ndege. Programu hukosea zaidi kwenye mimea ya bustani.

## Yanayochanganya

Mwaka huu kila kitu kimevurugika. Daftari langu halina maana?

Mwaka uliovurugika ndio wenye thamani zaidi. Vuli hutegemea sana hali ya bahari: El Niño, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Ndiyo maana vuli za 1997, 2019 na 2023 zilifurika. Mwanzoni mwa Mei 2024 hata kimbunga, Hidaya, kilifika pwani ya Tanzania, jambo lisilo la kawaida karibu hivi na ikweta. Soma mwelekeo wa mvua za msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, halafu ulinganishe na uani kwako. Ila usitangaze mabadiliko ya tabianchi kwa mwembe mmoja uliochelewa (tazama swali la mwembe).

Niko bara. Haya yananihusu?

Mbinu ndiyo, tarehe hapana. Dodoma, Tabora na Mbeya wana msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, kwa hiyo usitafute vuli na masika mbili mbili. Nyanda za juu zina baridi ya kweli Juni na Julai. Kampala na ukanda wa Ziwa Victoria wana mvua mara mbili, lakini ukavu wao wa katikati si mkali.

Niko Oman, au Ulaya. Naweza kufuatilia pamoja na wa nyumbani?

Vizuri tu. Kusi inayowachosha wavuvi wa Unguja mwezi wa saba huvuka ikweta, hukunja kuelekea kaskazini-mashariki, na ndiyo inayoleta harifu ya Salalah: ukungu na milima ya Dhofar kuwa kijani, Juni hadi Septemba. Muscat haifiki, huko mtatazama mitende. Aliye Ulaya aandike siku mbayuwayu wa mtaani kwake walipotoweka, na ndugu yake Tanga aandike siku walipotokea. Hawatakuwa lazima ndege walewale, lakini simu ya Jumapili itakuwa na la kuzungumza.

Kunguru wananipiga kichwani nikitoka mlangoni. Ni msimu gani huu?

Wana kinda karibu. Hawa ni kunguru wa asili ya Bara Hindi, walioletwa Unguja miaka ya 1890 na kusambaa pwani yote. Tafuta kiota juu ya mti ulio karibu na mlango. Mara nyingi kimejaa vipande vya waya. Pita na mwavuli, au tumia mlango wa nyuma hadi kinda aruke. Wanakumbuka sura, kwa hiyo usiwarushie mawe.